Kisu Hakijulikani kwa Kung'aa



Juu ya meza yangu ya kuandikia kipo kipande cha chuma cha urefu wa inchi tano hivi, kimeshika kutu upande mmoja. Wageni wanaponiuliza ni kitu gani, huwajibu kwamba ni cha kukandamizia karatasi zisipeperushwe na feni. Jibu hilo si uongo, lakini si kweli yote. Kipande hicho ni nusu ya kisu. Nusu ya pili, yenye mpini, ilibaki mkononi mwa kijana jirani yangu asubuhi moja ya mwaka 2012 katika soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam. Aliyekitengeneza kisu hicho ni mimi.

Wiki hii basi tuweke kando siasa na bei ya sukari, tuzungumze juu ya kisu. Sisemi kisu cha mhalifu wa usiku. Nasema kisu cha jikoni, kile ambacho mama akitaka kukata nyanya hulazimika kwanza kukisugua kwenye kitako cha sahani au kwenye ngazi ya mlangoni. Kila nyumba inacho, na katika nyumba nyingi hakikati.

Mimi si mhunzi. Kinachonilisha ni kipaza sauti. Kutengeneza visu ni kazi yangu ya jioni na ya siku za mapumziko, kazi ya mapenzi tu, na kwa hesabu za mama watoto kazi hiyo hailishi mtu bali inakula. Lakini nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na nimekuja kugundua kwamba mambo niliyoyahangaikia mwanzoni karibu yote yalikuwa madogo, na yale niliyoyapuuza ndiyo yaliyomwaga damu ya mtu.

Nilianza mwaka 2011. Wengi mtakumbuka kwamba mwaka ule mgawo wa umeme ulikuwa mkali. Kazini tulikuwa na jenereta, nyumbani hatukuwa nayo. Kwa kuwa sikuwa na haraka ya kwenda kukaa gizani, nikazoea kusimama Gerezani kwa mzee mmoja mfua vyuma, ambaye kazi yake haikuuliza kama umeme upo au haupo. Alikuwa na mkaa, alikuwa na feni iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na fuawe yake ilikuwa kipande kizito cha eksele ya lori. Alifua patasi, mitaimbo, majembe ya palizi na visu vya wachinjaji. Alikuwa mtu wa Upare, wa ukoo wa Washana, ambao huko kwao tangu zamani ndio waliojulikana kwa uhunzi. Nilipomwambia kwamba nataka kujifunza, alicheka kwanza, kisha akanipa kazi ya kuzungusha gurudumu. Nililizungusha kwa majuma matatu kabla ya kuruhusiwa kushika nyundo.

Naungama kwamba sikuwa na subira. Nilikuwa na diploma yangu ya uandishi wa habari, nilikuwa nimezoea kujifunza jambo asubuhi na kulitangaza saa saba mchana, nikadhani chuma nacho kitakwenda hivyo hivyo. Kwa hiyo nikaanza kufua nyumbani, uani, bila kumwambia mzee.

Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa nondo, hii hii ya kujengea. Nilikipiga kikawa bapa, nikakisugua kwa tupa siku nne, nikamalizia kwa msasa mpaka nikajiona usoni ndani yake. Kilipendeza mno. Mama watoto akakata nacho kitunguu kimoja, akakata cha pili, na kabla ya kukimaliza cha tatu makali yalikuwa yamekwisha lala kama nyasi zilizokanyagwa. Tukikinoa kilikata kwa dakika tano, kisha kililala tena.

Nikalaumu kinoo. Nikanunua kinoo kingine.

Kisu cha pili nilikitengeneza kwa springi ya gari, maana mafundi wote wanajua kwamba springi ni chuma kigumu. Hapo nilikuwa na haki. Nikakifua, nikakisugua, halafu nikakumbuka kwamba mzee huwa anakitumbukiza chuma cha moto ndani ya kitu cha maji maji na kinatoa mvumo. Nikakichoma hadi kikawa rangi ya chungwa, karibu na manjano, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nilipopitisha tupa juu yake, tupa iliteleza kana kwamba inapita juu ya kioo. Nikapiga makofi peke yangu uani. Nikakitia makali ambayo yalinyoa vinyweleo vya mkono, nikakitia mpini wa mpingo, nikampelekea zawadi yule kijana jirani, ambaye hupara na kukata samaki Feri.

Alikitumia siku mbili na kunisifu kwa kila mtu. Siku ya tatu alikuwa akipasua kichwa cha kolekole mkubwa. Kisu kikakwama kwenye mfupa, akakizungusha kidogo ili kukitoa, kama mtu yeyote anavyofanya. Kikakatika kwa mlio, na kile kipande kilichobaki kwenye mpini kikamwingia kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Alishonwa nyuzi saba. Mtu anayelipwa kwa idadi ya samaki aliowapara, mkono wake ukifungwa bendeji hana mshahara. Alikaa nyumbani majuma mawili.

Nilimlipia dawa na nikampa kitu kidogo cha matumizi. Akaniambia, "Kaka, kisu kilikuwa kizuri sana, ila yule samaki alikuwa mkubwa." Angenitukana ningelala usingizi. Adabu yake ndiyo iliyonikosesha usingizi, maana hata mimi nilijua kwamba samaki hana kosa.

Nikavibeba vile vipande viwili hadi Gerezani. Mzee akavaa miwani, akakitazama kisu, si ubavuni kuliko na mng'aro wote ule, bali pale kilipokatikia. Akaniuliza, "Mwanangu, unaona nini hapa?" Nikamwambia naona chuma. Akaniambia nitazame tena. Nikatazama. Pale penye mkatiko palikuwa na chembechembe kubwa zinazometameta, mfano wa sukari. Akachukua patasi mbovu aliyoifua mwenyewe, akaibana kwenye jiliwa, akaipiga nyundo mpaka ikakatika. Mkatiko wa patasi yake ulikuwa wa kijivu na laini, mfano wa majivu yaliyochekechwa. "Wewe umefua sukari," akaniambia. "Halafu umekitia matiko, hukukirudisha motoni. Chuma chako kilikuwa kinalia tangu siku ya kwanza, wewe ulikuwa unasikiliza mng'aro."

Hapa, ndugu msikilizaji, niruhusu nieleze kile alichonieleza mzee kwa maneno yake, na ambacho baadaye nimekisoma vitabuni kwa maneno mengine. Mambo yenyewe ni yale yale.

Chuma kitupu ni laini. Kinachokifanya kiwe na uwezo wa kushika makali ni kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo ndani ya mkaa, tena kwa kiasi kidogo mno. Nondo za kawaida huwa na kaboni kiasi cha asilimia 0.2 hivi, na chuma cha namna hiyo hata ukikizamisha kwenye maji ya aina gani hakiwi kigumu cha kutosha kwa kisu. Springi za magari zina kiasi cha asilimia 0.6. Tupa ya kusugulia vyuma huwa na asilimia 1 au zaidi kidogo, na ndiyo maana inaweza kuvila vyuma vingine. Tofauti kati ya kisu kinachokata na bati la kupakia siagi ni chini ya nusu ya sehemu moja katika mia.

Kuwa na kaboni hakutoshi. Chuma kikiwa baridi, chembe zake zimejipanga kwa mpango ambao hauna nafasi ya kuimeza kaboni. Ukikipasha moto hadi kiwe chekundu cha kung'aa, chembe zinajipanga upya, nafasi zinafunguka, na kaboni inatawanyika humo ndani kama chumvi kwenye maji. Ukikiacha kipoe polepole, kila kitu kinarudi mahali pake na chuma kinakuwa laini kama kilivyokuwa. Lakini ukikipoza kwa ghafla, kaboni inakamatwa humo humo kabla haijapata njia ya kutoka. Chuma kinakuwa kigumu kwa sababu kimebanwa ndani kwa ndani. Hiyo ndiyo kazi ambayo wahenga wetu wameiita kutia matiko.

Tatizo ni kwamba kitu kilichobanwa hivyo kinafanana na kioo. Ni kigumu, lakini ukikipinda kidogo kinakatika. Ndiyo sababu mhunzi hukirudisha tena kwenye moto, safari hii moto mdogo sana wa nyuzi 200 hivi za Selsiasi, akakiacha humo. Kile kibano kinalegea kiasi, chuma kinapoteza ugumu kidogo na kupata uvumilivu mwingi. Juu ya bapa lililosuguliwa utaona rangi ikijitokeza yenyewe: kwanza manjano ya majani makavu, ukiendelea inakuwa kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Kisu cha jikoni nakikomesha kwenye manjano. Springi yenyewe, inayotakiwa kupinda kutwa bila kuvunjika, hurudishwa kwenye moto mkubwa zaidi hata ya huo wa buluu.

Kisu nilichompa kijana wa Feri hakikurudishwa motoni hata dakika moja. Aidha nilikuwa nimekichoma kupita kiasi, chembe zikavimba zikawa ile sukari, na juu ya hayo nilikizamisha kwenye maji baridi wakati chuma cha springi kinataka mafuta. Makosa matatu, na yote yalikuwa yamefichwa chini ya msasa.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo. Ninapozungumza habari hizi, hutokea mtu akaniambia kwamba elimu hii ya chuma tuliletewa. Mwaka 1978 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika katika jarida la Science juu ya uyeyushaji wa chuma huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria. Walikuwa wamewapata wazee walioifanya kazi hiyo ujanani mwao, na wazee wale wakaijenga tanuri upya kwa kumbukumbu. Mabomba ya udongo ya kupitishia hewa ya mivukuto yalipenya hadi ndani ya tanuri, ikawa hewa inapata moto kabla haijaufikia mkaa. Kutokana na hayo, na kutokana na mabaki yaliyofukuliwa ardhini, watafiti wale walieleza kwamba watu wa eneo hilo walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, kinachofaa kwa makali, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Ufipa nako matanuri marefu ya udongo, marefu kuliko mtu, yalikuwapo na magofu yake yameonekana. Kwa hiyo mzee wangu wa Gerezani aliponikaripia hakuwa akinifundisha elimu ya kuazima.

Nirudi kwenye habari yangu. Baada ya siku ile sikutengeneza kisu kwa miezi sita. Nilifua vipande vya majaribio tu, vya urefu wa kidole, nikavitia matiko, nikavibana kwenye jiliwa, nikavivunja. Kuvunja, kutazama, kuandika kwenye daftari. Jirani mmoja akamwuliza mama watoto kama nina akili timamu, maana mtu ananunua springi, anaichoma, anaivunja, kesho anaanza tena.

Ugumu mkubwa ulikuwa kuujua moto. Sina chombo cha kupimia joto la mkaa. Lakini redio imenifaa kwa jambo moja: nilikuwa na spika mbovu, na nyuma ya kila spika kuna sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi, sumaku haikishiki tena. Mtu asiyejua hustaajabu. Chuma kile kile kilichokuwa kikirukia sumaku sasa kinaipita kama kipande cha mti. Hapo najua kwamba nimekaribia. Naongeza moto kidogo tu, rangi ipande hatua moja, kisha nakizamisha kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa uvuguvugu. Wanaotaka kujaribu waangalie: mafuta huwaka. Chombo kiwe cha bati lenye mfuniko, na watoto wawe mbali.

Rangi yenyewe ya chuma haionekani juani. Chuma ambacho mchana unadhani ni chekundu hafifu, kizani ni cha chungwa kali. Kisu cha Feri nilikuwa nimekichoma saa nane mchana. Mzee alikuwa na turubai juu ya tanuri lake, nami siku zote nilidhani ni la mvua. Kwa hiyo ule mgawo wa umeme nilioulaani ulikuja kunifaa, kwa kuwa jioni zenye giza ndizo zilizonifundisha rangi za moto.

Kwa moto wa pili, ule mdogo, nimeshindwa kabisa kuuaminia mkaa. Natumia oveni ya mama watoto. Napanga visu juu ya mchanga kwenye sinia, nyuzi 200, saa mbili, naviacha vipoe, narudia tena saa mbili. Tumewekeana masharti kwamba siku za keki hakuna visu, na kwamba kila kisu kioshwe mafuta kwanza, maana siku ya kwanza nyumba nzima ilinuka kama kibanda cha chipsi kilichoungua.

Jambo lililofuata kunitesa lilikuwa umbo. Hata baada ya kuumudu moto, visu vyangu vilikuwa vinanyoa nywele lakini karoti vinaipasua badala ya kuikata. Niliona kama mazingaombwe. Makali yapo, kazi haipo! Sababu ni unene. Bapa la springi lina milimita 6 au zaidi, na kulisugua kwa tupa mpaka liwe jembamba ni kazi ya kuvunja mabega, basi mimi nikichoka nasema inatosha. Kisu kikawa kabari yenye makali. Siku hizi mgongo wa kisu cha jikoni nauacha na milimita 2 tu, na hapo nyuma ya makali chini ya nusu milimita kabla sijagusa kinoo. Nimenunua grainda, lakini grainda ina hila yake. Ukilikandamiza bapa jembamba dakika moja bila kulichovya majini, linapata joto na ile rangi ya buluu inatokea kwenye ukingo, na buluu ikishatokea hapo matiko yamekwenda. Visu vinane nimeviharibu kwa namna hiyo, kimoja usiku wa kuamkia siku ya kukikabidhi.

Juu ya mpini sitasema mengi, ingawa wapenzi wa visu hupenda kuanzia hapo. Mpingo ni mti mzuri, mzito hata ukiutupa majini unazama, na wachonga vinyago wa Mwenge huwa na vipande vidogo ambavyo kwao ni takataka na kwangu ni mali. Una mafuta yake, gundi haiushiki mpaka uufute kwa spiriti, na vumbi lake linawasha pua. Nilijisifu sana kwa mipini yangu ya mpingo iliyong'arishwa mpaka nilipokwenda Feri kuona wapara samaki wakiitumia. Mkono wenye utelezi wa samaki juu ya mti ulionakishiwa kama kioo! Wote walikuwa wameizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Siku hizi visu vya kwenda Feri navitia mninga usiong'arishwa, mnene kidogo nyuma ili mkono usichomoke, na hakuna aliyeuvisha mpira.

Ipo pia kutu. Chuma cha springi si kile cha vijiko kisichoshika kutu, ambacho lazima kiwe na kromiamu zaidi ya asilimia 10. Cha kwangu ukikata ndimu ukakiacha kwenye karo, asubuhi utakikuta na madoa. Kila ninayempa kisu namwambia akipanguse na kukikausha, na kila baada ya mwezi mmoja mtu ananirudishia kikiwa chekundu na kuniambia chuma changu ni kibovu. Zamani nilikuwa nabishana. Sasa nakisugua na kumrudishia.

Lazima niseme pia kwamba mtu anayetengeneza visu usiku uani kwake hawezi kuishi bila maswali. Mwaka 2014 mjumbe wa mtaa alinijia, akaketi, akanywa chai, akazungumza habari za mvua, halafu akasema, "Mwandishi, watu wanauliza hivi visu vinakwenda wapi." Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwonyesha daftari lenye kila kisu na aliyekichukua. Tangu hapo nimejiwekea sheria kwamba sitengenezi kisu chenye makali pande mbili, wala chochote cha kuvaa kiunoni, hata mtu akiniletea fedha mkononi. Mjumbe mwenyewe aliondoka na kisu cha mkate.

Sasa nitajuaje kwamba nimeendelea? Sifa za marafiki hazifai. Marafiki walikisifu hata kile cha nondo. Huko Marekani kipo chama cha wafua visu kilichoanzishwa mwaka 1976, American Bladesmith Society, nacho kina mtihani ambao naupenda kwa ukali wake. Mtahiniwa analeta kisu alichokifua mwenyewe. Kwa kisu hicho hicho anakata kamba ya unene wa inchi 1 inayoning'inia, kwa pigo moja. Kisha anazikata kwa kuzikatakata mbao mbili za mbili kwa nne. Kisha, bila kunoa, kisu lazima kinyoe nywele za mkono. Mwishowe kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa nyuzi 90, nacho hakitakiwi kuvunjika. Yaani kisu bora kuliko vyote alivyotengeneza mtu, ili kithibitishwe, lazima kiharibiwe.

Mimi si mwanachama na mtihani huo sijaufanya mbele ya mtu. Ila nimeununua mfano wake: kamba ya katani, ambayo katika nchi hii haijawahi kuwa adimu. Naikata juu ya ubao, nahesabu, mpaka kisu kianze kuteleza. Kisu cha nondo kilikata mara 9. Kisu cha mwaka 2015 kilikata mara 60 na kitu. Vya miaka ya karibuni vinavuka 150, na vikizidi hapo mimi ndiye ninayechoka. Na katika kila springi mpya ninayoinunua, kisu cha kwanza hakiendi kwa mtu. Kinakwenda kwenye jiliwa. Nakivunja na kutazama kama ni sukari au majivu. Kinachoniuma ni kwamba baadhi yao wametoka wazuri kuliko wale waliofuata.

Mzee alifariki mwaka 2017. Nyundo yake anayo mjukuu wake, ambaye anafunga milango ya geti kwa umeme na kusema hakuna fedha katika visu. Simlaumu. Geti moja ni sawa na visu vyangu vya miezi mitatu.

Na yule kijana wa Feri? Si kijana tena, ana watoto wawili na kovu kati ya vidole. Kwa miaka mingi nilipompita tulisalimiana vizuri, akaniuliza habari za redio, wala hakuniuliza habari za visu. Nami sikuthubutu kumpa kingine. Mwaka 2019 ndipo nilipokwenda na kimoja nimekifunga kwenye gazeti. Hakukipokea kwa mkono ule wenye kovu, alikipokea kwa mkono mwingine. Akakipima uzito, akapitisha ukucha kwenye makali. Kisha akamvuta kichwa cha nguru kutoka kwenye beseni la mteja, akakichoma kisu kwenye mfupa hadi kikakwama, akaninyanyulia macho, na huku akinitazama mimi akakizungusha.

Kilipinda kidogo, kikatoka, kikarudi kama kilivyokuwa.

Akafanya tena. Wenzake walikuwa wameacha kupara wanatazama, na mteja mwenye kichwa cha nguru alikuwa ameanza kulalamika. Mara ya tatu akakifuta kwenye aproni yake, akakitazama kwenye mwanga, akasema, "Kaka, mpini ni mfupi. Mkono wangu mkubwa." Nikamwambia nitamtengenezea kingine. Akasema sawa, lakini hiki nisikichukue mpaka kingine kifike.